Dawa ya Kabichi Kwenye Shubiri

Kasimiri na mkewe Anastasia wanakaa Bigwa, pale mlima unapoanza kupanda. Asubuhi Kasimiri huenda kwenye shamba lake la kabichi huko juu. Anastasia hubaki nyumbani na Pazi, mtoto wao wa miaka miwili na kitu, na shubiri zake.

Shubiri zile zilimpa jina mtaani. Alizipanda kwenye makopo ya rangi, akayapanga barazani. Kuku wa jirani wakizubaa kwa ugonjwa, mwenye kuku anakuja kuomba jani aloweke kwenye maji yao. Wasichana wanaomba la kupaka nywele. Anastasia hakumnyima mtu, ila kisu alikishika mwenyewe. Mkono wa mtu usiguse makopo yake.

Mwaka huu, mvua zilipokatika, vikaingia vidudu. Vilikuwa vidogo, vyeupe, vimejivika kitu kama pamba. Vilijibana pale jani linapoungana na shina. Majani yakanata, yakasinyaa, na sisimizi wakawa wanapanda na kushuka kutwa nzima. Anastasia akavipangusa kwa maji matupu. Vikarudi. Akakosa raha, na mama akikosa raha nyumba nzima inajua.

Kasimiri akamwonea huruma. Huruma si kosa. Kosa ni alichofanya baadaye.

Shambani kulikuwa na dawa ya kuua viwavi wa kabichi. Iliyobaki kwenye bomba la kunyunyizia akaimimina kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa, akatoboa kizibo, akaja nayo nyumbani. Jumamosi, Anastasia alipokwenda sokoni, akanyunyizia makopo yote. Kibandiko cha dawa hakukisoma. Mkewe hakumwambia. Alitaka tu siku moja aamke, akute vidudu vimekufa, ashangae. Mshangao ulikuja, jamani, lakini si ule aliouagiza.

Maana Anastasia naye alikuwa na lake moyoni. Muda wa kumwachisha Pazi ziwa ulikuwa umefika. Mama yake, anayeishi milimani, alimfundisha kwamba siku hiyo haitangazwi, hasa kwa baba, kwa sababu baba akisikia mtoto analia atasema apewe. Unakata jani la shubiri, unapaka ziwa utomvu wake, mtoto anaonja uchungu, anaacha mwenyewe. Hata yeye Anastasia aliachishwa hivyo hivyo.

Basi nyumba moja ikawa na siri mbili, na zote zilitokana na mapenzi.

Jumatatu mchana Kasimiri alirudi kutoka shambani. Akamkuta mkewe amekaa mkekani barazani, anacheka hadi machozi. Pazi amesimama mbele yake, amekunja uso, anatema mate. Anastasia akaeleza kwamba leo ndiyo leo. Mtoto amenyonya, ameshtuka, amelia, kisha amerudi kunyonya tena, king'ang'anizi kama baba yake.

Kasimiri akaona kisu. Pembeni ya kisu akaona jani lililokatwa.

"Hilo jani umelitoa wapi?"

"Wapi tena? Kwenye kopo langu."

"Umeliosha?"

"Shubiri inaoshwa ya nini?"

Kasimiri akaliokota lile jani.

"Nilinyunyizia dawa," akasema. "Ile ya kabichi."

Kicheko kikakatika. Anastasia akamtazama mumewe kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Kisha akamtazama mtoto. Pazi hakuwa anatema mate tena. Mate yalikuwa yanamtoka yenyewe, na jasho limemjaa usoni.

Anastasia akapiga yowe kwamba mtoto amenyonya dawa ya kabichi. Jirani yao, Bi Mwaisha, akaja mbio na kikombe cha maziwa, kwa sababu kila mtu anajua sumu dawa yake maziwa. Kila mtu anajua vibaya. Kwa bahati yowe lilimleta pia Joyce, bibi shamba wa kata, anayekaa nyumba ya nyuma. Joyce akakishika kile kikombe kabla hakijafika mdomoni kwa mtoto.

"Msimnyweshe kitu," akasema. "Maziwa hayaondoi sumu hii. Na msimtapishe, atapaliwa. Mvueni nguo, mwosheni uso na mikono kwa maji na sabuni, haraka. Anastasia, jioshe kifua. Kasimiri, leta kopo la dawa, twende nalo hospitali."

Kasimiri akaleta chupa ya maji ya kunywa.

Joyce akaigeuza huku na huku. Akasema hiyo haina jina la sumu, na daktari hawezi kutibu asichokijua. Tena mtoto mwenye kiu angeiona, angeinywa. Wakapanda bajaji.

Njiani Pazi alitapika. Walipofika kituo cha afya alikuwa amelegea, shingo haimkai. Swali la kwanza la daktari lilikuwa ni dawa gani. Kasimiri akampigia simu Gervas, mwenzake wa shambani. Gervas akalikuta kopo kibandani, akasoma kibandiko herufi kwa herufi, na Kasimiri akarudia kila herufi. Ndipo daktari akajua aanzie wapi. Mtoto akachomwa sindano, akatundikiwa dripu, akalazwa.

Anastasia alikaa pembeni ya kitanda. Hakulia. Tangu Pazi azaliwe hakuwahi kumwita mumewe kwa jina lake. Alikuwa Baba Pazi, basi. Siku ile akamwita.

"Kasimiri, ungeniambia ungepungukiwa nini?"

Lile jina lilimchoma kuliko tusi.

Kesho yake jioni Pazi aliomba uji. Kasimiri alitoka nje ya wodi, akaegemea ukuta, akalia kama mtoto. Kabla ya kuwaruhusu, daktari alimweleza Anastasia kwamba mtoto haachishwi kwa kupakwa kitu kichungu. Anapunguziwa kidogo kidogo, huku akizoeshwa kula vizuri. Na baba anaambiwa, ili amshike mtoto anapolia.

Nyumbani, Kasimiri akamuuliza Joyce kama zile shubiri zikioshwa zitafaa.

"Kibandiko kinasema kabichi isubiri siku ngapi kabla ya kuvunwa," Joyce akajibu. "Shubiri haikutajwa kabisa. Na dawa nyingine huingia ndani ya jani, haziondoki kwa kuosha. Kwa hiyo usikisie."

Kasimiri akazing'oa zote. Akazifukia kwenye shimo refu, mbali na kisima, mikono yake ikiwa ndani ya glavu. Chupa yenye sumu aliichukua Joyce, apeleke inakotakiwa. Anastasia hakutoka kutazama.

Mama mkwe akatuma machipukizi mapya kutoka milimani. Baada ya wiki kadhaa, vidudu vyeupe vikaonekana kwenye kopo moja. Kasimiri hakugusa kitu. Alimwita mkewe aone, kisha wakamwita Joyce.

Joyce akawaambia hao ni vidung'ata. Wanafyonza utomvu na kutoa majimaji matamu. Sisimizi wanapenda utamu huo, kwa hiyo wanawalinda na kuwahamishia kwenye mche mwingine. Kopo lenye vidudu akalitenga. Akachanganya kijiko kidogo cha sabuni ya maji na lita moja ya maji, akapaka jani moja tu, akasema wangoje hadi kesho waone kama halitaungua. Halikuungua. Jioni jua lilipopoa Kasimiri akapangusa majani yote kwa kitambaa, hadi kwenye mikunjo, kisha akasuuza kwa maji safi. Akarudia kila wiki, kwa sababu mayai hujificha. Waliung'oa mche na kutazama mizizi, maana vidung'ata hukaa hata huko, wakaupanda kwenye udongo mpya wenye mchanga. Makopo yote yakatobolewa chini. Anastasia akaacha kumwagilia kila siku. Shubiri hunyweshwa udongo ukikauka, ikilowa mno inadhoofika na wadudu wanaipenda.

Kila alipogusa makopo, Kasimiri alimwambia mkewe ameweka nini. Anastasia aliitikia, "Nimesikia, Kasimiri." Hivyo tu, miezi yote ile. Shubiri zikanenepa, na Pazi akawa anakimbiza kuku wa Bi Mwaisha. Lakini jani hata moja Anastasia hakukata.

Juzi binti wa Bi Mwaisha akaja, akaamkia shikamoo, akaomba jani la nywele. Anastasia akachukua kisu. Akasimama mbele ya makopo. Kasimiri alikuwa ndani anavaa viatu.

"Baba Pazi," Anastasia akaita, "umeweka nini kwenye shubiri?"

Kasimiri akatoka mbio, mguu mmoja peku.

"Sabuni tu, jana jioni. Nimesuuza."

Anastasia akakata jani, akaliosha, akampa binti. Kasimiri akabaki mlangoni na kiatu mkononi, akingoja aitwe tena.