Tundu Lililozibwa

Mama mmoja, watoto wanne. Wote wananyonya kwa pamoja na hakuna anayelia. Ni nini? Umeshindwa? Basi mji wako baki nao, nipe masikio tu. Ni waya wa matawi: unaingia ndani ya kompyuta kwa kichwa kimoja, kisha unagawanyika kulisha taa nne. Nereida, msichana wa miaka kumi na miwili, aliujua vizuri waya huo. Alichokosa ni subira ya kuungoja.

Kila Alhamisi baada ya masomo, watoto wa chama cha kompyuta katika shule moja ya McAllen, Texas, walikutana maktabani. Walimaliza taco zao, vichapati vya kukunjwa vyenye maharage, wakanawa mikono, wakashika bisibisi. Alhamisi hiyo hata taco hazikumalizwa. Saa kumi wazazi wangekuja kuona kompyuta waliyoiunda wenyewe, yenye kasha la kioo na taa za kubadilika rangi!

"Kanda tatu za taa za feni tayari, bado mmoja wa kioo," alisema Mwalimu Tijerina. "Waya huu una matawi matatu tu, na yote yamejaa. Naenda ofisini kuleta wa matawi manne. Na msisahau mkono wa pili!"

Mkono wa pili ilikuwa sheria ya chama. Mtu akishaunganisha, mwenzake hupitisha kidole juu ya kila waya, akiutaja kwa sauti, ndipo kompyuta iwashwe.

"Nere, njoo tupange viti," aliita Eliud, rafiki yake.

"Panga wewe, mgongo wako mpana!"

"Haya, malkia wa nyaya!" Eliud akacheka, akaenda zake.

Nereida alibaki peke yake na ule ukanda wa nne. Kwenye ubao wa kompyuta aliona mlango mtupu wenye pini nne. Kichwa cha ukanda wake kilikuwa na matundu matatu wazi, na moja limezibwa kwa plastiki. Kikagoma kuingia. Saa ya ukutani ilionyesha tisa na nusu. Akachukua sindano, akalitoboa lile tundu, akakisukuma kichwa mpaka kikaingia. Mkono wa pili? Angemwita nani, na yeye alitaka wote wageuke waone taa zinawaka!

Akabonyeza. Kanda tatu ziliwaka bluu, kijani, zambarau. Wa nne ulitoa mwanga mweupe, pah! Ukazima. Harufu ya kuungua ikampiga puani. Akazima kompyuta, akauchomoa ukanda upesi.

"Nini kinanuka?" Mwalimu alikuwa mlangoni, waya mpya mkononi.

"Ukanda... umekufa."

"Huu tuliopewa jana na Don Canales wa duka la kompyuta? Nere, ulipoutoa kwenye boksi ulikuwa mzima?"

Nereida aliuviringisha ukanda, akauweka mezani. Mwalimu alikwisha kutazama saa na kushika simu. "Don Canales? Samahani, mzee wangu, nadhani ukanda wako mmoja, aliokuwa akiufunga Nere, ulikuwa mbovu."

Dakika kumi na tano baadaye mzee mwenyewe aliingia akihema, kofia mkononi. "Nisameheni, wanangu! Huu hapa mwingine, nimeujaribu mwenyewe. Nimeondoa boksi zima dukani, kanda arobaini, kesho nazirudisha kiwandani. Siuzi takataka, mimi!"

Kanda arobaini! Na zote zilikuwa nzima, Nereida alijua.

"Haya, tufanye kazi," alisema Mwalimu. "Mlango wa pini tatu unatoa volti tano, chakula cha kanda hizi. Ule wa pini nne unatoa kumi na mbili, hatuugusi. Kanda zetu ni fupi, mlango mmoja unazitosha. Tunaugawa tu."

Eliud alipitisha kidole. "Tawi la kwanza, feni ya mbele! La pili, feni ya juu! La tatu, feni ya nyuma! La nne, kioo!"

Wazazi walikuwa wamejaa. Mwalimu akabonyeza, na lo! Rangi zilikimbizana kutoka feni hadi feni, zikapanda kwenye kioo, zikamwagika mpaka kwenye rafu za vitabu. Watoto walirukaruka, akina mama walipiga vigelegele, na mdogo wake Eliud akaanza kucheza katikati ya viti. Babake Nereida alipiga mluzi. "Huyo binti yangu huyo!"

Don Canales hakuwa akitazama taa. Alikuwa ameuokota ukanda ulioungua, akaugeuza, akaona tundu lililotobolewa. Akaja polepole, akainama karibu na Nereida.

"Kiwanda hakizibi tundu kwa choyo, mwanangu. Kinamwambia fundi, mlango ule si wako. Kuunguza kitu, sote tumeunguza. Mimi niliunguza redio ya baba yangu. Lakini fundi hajulikani siku taa zinapowaka. Hujulikana siku zinapoungua, kwa anachosema." Aliushika ukanda kiganjani. "Haya niambie. Ulipoutoa kwenye boksi, ulikuwa mzima?"

Babake alikuwa bado anapiga mluzi. Nereida alimtazama, kisha akamgeukia mzee.

"Ulikuwa mzima, Don Canales," alisema kwa sauti iliyowafikia wote. "Nimeutoboa mimi, nikauunguza mimi. Usirudishe boksi lako."