Nyumba Aliyojengewa Mokami

Damu ilianzia kwenye kizingiti, ikashuka uani, ikapotelea kwenye nyasi upande wa barabara ya magari ya watalii. Mlango wa nyumba ndogo ulikuwa umelala chini, nje. Kitanda kilikuwa kitupu. Mokami, binti wa miaka kumi na minne aliyekuwa akilala humo, hakujulikana alipo.

"Wamemwiba," alisema Mama Teresia, mlezi wake, mjane mwenye umri wa bibi. "Ni baba yake na watu wake kutoka Itiryo. Wanataka wakamkekete."

Inspekta Winfrida Nchagwa wa dawati la jinsia na watoto alichuchumaa kuitazama damu. Alikuwa ameshachoka kabla kazi haijaanza. Emanueli, afisa ustawi wa jamii, alikuwa amemsemesha njia nzima kutoka Mugumu hadi Natta bila kuvuta pumzi, na bado alikuwa na akiba.

"Afande, tuma gari Itiryo sasa hivi. Huyu ni mtoto wa kwanza tuliyempeleka kwenye familia tangu sheria mpya ianze. Akipotea huyu, mimi nitajificha wapi?"

"Tumtafute yeye kwanza. Wewe tutakutafutia baadaye."

Mokami alikuwa ametoroka kwao Itiryo msimu wa tohara, akapokelewa nyumba salama Mugumu. Kisha sheria ikaja: watoto wasirundikwe vituoni, wapelekwe kwenye familia za kuaminika, wale, wasome, wapate wa kumwita mama. Sheria nzuri. Winfrida hakuwa na ugomvi nayo hata kidogo. Ugomvi wake ulikuwa na watu walioikimbiza kama mbuzi wa mnadani.

Koplo wa uchunguzi alichukua sampuli ya damu kwa pamba. Winfrida aligusa bawaba za mlango. Ziling'oka kuelekea nje. Mtu anayevamia husukuma mlango ndani. Huu ulipigwa teke na mtu aliyekuwa ndani.

"Shikamoo mama," alisema, kwa kuwa alikuwa hajamsalimia.

"Marahaba, mwanangu."

"Hili komeo mbona liko nje?"

"La kuzuia mbuzi."

"Mbuzi wa Natta wanafungua milango?"

Winfrida akaingia ndani. Kitanda kilikuwa cha watu wawili. Kando palikuwa na chungu kipya na jiwe la kusagia. Katikati palikuwa na mafiga, lakini mawili tu. La tatu halikuwepo.

"Ukaguzi wa hapa ulifanya wewe?" alimuuliza Emanueli.

"Mimi mwenyewe. Kanuni zinataka mtoto awe na mahali pake pa kulala. Mama kamjengea nyumba nzima! Nilimsifu kwenye kikao, na picha nikaonyesha."

"Na mafiga?"

"Anajifunza kupika."

Winfrida alifumba macho kidogo. Emanueli alizaliwa Lindi, na kosa la kuzaliwa mbali haliandikiwi hati ya mashtaka. Lakini Winfrida alizaliwa Tarime, mkoa huuhuu. Alijua kwamba mtoto wa kike hula kwenye jiko la mama yake mpaka siku anapoondoka. Anayejengewa nyumba yake na kuwekewa mafiga yake si mtoto wa mji ule, wa kaya ile. Ni mke aliyeolewa pale.

"Koplo, kaa na huyu mama, asitoke. Emanueli, twende zahanati. Mwenye damu hii atakuwa ametafuta mtu wa kumshona."

Walimkuta kwenye benchi la zahanati, paji la uso limefungwa bandeji. Aliitwa Daudi, mfua nguo wa kambi moja ya watalii.

"Nani kakupasua?"

"Nimeanguka na pikipiki."

"Pikipiki iko wapi?"

"Ya kuazima."

"Kwa nani?"

Daudi aliipapasa bandeji yake.

"Nisikilize. Kuna mtoto hajulikani alipo, na pori la wanyama liko pale. Akipatikana amekufa, mtu wa mwisho kuwa naye ni wewe. Endelea na pikipiki yako."

"Mama Teresia ndiye aliniita, afande. Aliniambia ana nyumba ntobu. Anataka mwanamume wa kumzalishia."

"Nyumba ntobu ndiyo nini?" aliuliza Emanueli.

"Mama asiye na mtoto wa kiume anaoa binti," alisema Winfrida. "Anatoa ng'ombe kwa baba wa binti kama mwanamume anavyotoa. Halafu anamtafutia mtu wa kuzaa naye. Watoto wanakuwa wa mama, wanabeba jina la marehemu mume wake, wanarithi ardhi. Ungeuliza jirani yeyote, angekwambia."

Emanueli hakusema kitu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Ulimwona ni mtoto?" Winfrida alimgeukia Daudi.

"Mama alisema ni mke wake, nisiulize miaka. Akatufungia kwa nje."

"Kisha?"

"Hakulia hata. Aliinama jikoni, na jiwe likaja usoni. Nikaupiga mlango teke nitoke. Akanipita mbio."

"Ulimgusa?"

"Sikumfikia."

"Hilo atasema daktari. Lete mikono."

Pingu zilikuwa bado hazijafungwa vizuri simu ya Winfrida ilipoita. Mlinzi wa nyumba salama, Mugumu. Kuna binti amekaa nje ya geti tangu alfajiri, ameshuka kwenye lori la ng'ombe, anasema anaitwa Mokami.

"Yuko nje bado?"

"Utaratibu mpya, afande. Aliyepelekwa kwenye familia hapokelewi bila barua ya ustawi."

Hasira ilimpanda Winfrida. Mtoto amepita gizani kando ya pori, amefika mahali pekee anapopaamini, na utaratibu umemkalisha vumbini. Alimkabidhi Emanueli simu.

"Barua yako iseme."

"Mfungulie," Emanueli alisema. "Mfungulie sasa hivi, mpe chai. Mimi ndiye ustawi."

Daktari alimpima Mokami akathibitisha hakudhurika, ila nyayo zilikuwa zimechanika. Winfrida alipomuuliza kama anataka chochote, alijibu kwa neno moja: shule.

Jioni Mama Teresia aliketishwa kituoni. Winfrida alimsomea haki zake.

"Daudi ameshasema, mama. Kwa nini ulitudanganya kuhusu Itiryo?"

"Niliogopa mtaninyang'anya."

"Kukunyang'anya nani?"

"Mke wangu."

"Ni mtoto wa shule."

"Mume wangu alikufa bila mtoto. Shemeji zangu kule Nyangoto wanangoja nife waligawane shamba lake karibu na mgodi. Hata jina lake halitaitwa na mtu. Nilizunguka kwa baba watatu kuposa binti. Wote walitaka ng'ombe, na mimi ng'ombe sina. Ndipo nikasikia mkutanoni serikali inatafuta nyumba za kuwapa mabinti."

"Kuwalea, mama. Siyo kuwaoa."

"Huyu kijana wako alikuja. Akauliza nina choo, nina maji, mtoto atalala wapi. Nikajenga mchana, mbele ya watu wote. Nikapanga mafiga. Akaja tena akapiga picha, akanishika mkono akasema hongera."

Emanueli alikuwa amesimama mlangoni. Aliinamisha kichwa.

"Hukumwambia unamtaka wa nini," alisema Winfrida.

"Hakuniuliza."

"Na angekuuliza?"

"Ningemwambia." Mama Teresia alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Nilidhani mmekubali. Nilirudi nyumbani nikalia kwa furaha, nikasema mume wangu sasa ana mji. Wengine wanatoa ng'ombe, mwanangu. Mimi nilipewa na serikali."