Maji Yalifika Hapa

Mtaa mzima ulimwita Brashi. Jina lake halisi alilijua mkewe, na hata yeye alilitumia siku za ugomvi tu. Brashi alichora matangazo ya maduka. Ukitaka picha ya mkasi, kuku au tairi, unamwita yeye. Anachora picha, anaandika jina la duka, anaweka mshale. Chini kabisa anaweka namba ya simu.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao. Mwaka uliopita mvua kubwa ilinyesha mchana mmoja, na maji yakaingia chumbani humo. Nguo za wateja ziliharibika zote. Wateja wengine hawakurudi tena.

"Yakiingia tena, naacha kushona," mkewe alimwambia. "Siwezi kuaibika mara mbili."

Brashi alimsikia. Lakini afanye nini? Mvua haina mwenyewe, na mtaro wa mtaa haukuwa wake peke yake. Ulikuwa umejaa taka mpaka juu.

Asubuhi moja aliitwa zahanati na mhudumu wa afya, ambaye watu walimwita Dada Afya. Mama huyu alizunguka mtaani na kipaza sauti, akieleza habari za mabadiliko ya tabianchi. Watu walimsalimia vizuri, kisha wakaendelea na shughuli zao. Akiitisha mkutano walikuja wanne, na wawili kati yao walifuata kivuli.

"Fundi, nina ukuta mweupe hapa nje," alisema. "Nichoree mabadiliko ya tabianchi."

Brashi akajikuna kichwa. "Dada, hayo yakoje? Nikichora kuku, namwangalia kuku. Hayo nitayaangalia wapi?"

Dada Afya akampa kijitabu. "Humu mna picha."

Brashi alifungua. Aliona mlima wa barafu unayeyuka, na dubu mweupe amesimama juu ya kipande kidogo. Alimtazama dubu, dubu akamtazama yeye. Hakuna aliyemwelewa mwenzake. Lakini kazi ni kazi. Alichora siku mbili nzima. Barafu iling'aa kwelikweli. Dubu naye alitoka vizuri, ingawa alifanana kidogo na mbwa aliyeshiba. Na kwa kuwa mkono ulishazoea, Brashi akaweka mshale wa kuelekea kwake na namba yake ya simu.

Kesho yake simu ikaanza kulia.

"Haloo, barafu mnauza kwa kipande au kwa ndoo?"

"Siuzi barafu."

"Sasa mbona mmetangaza?"

Mwingine aliuliza kama akinunua nyingi ataletewa nyumbani. Wa tatu alimtaka yule mbwa mweupe, alinde duka lake. Mchana wanawake wawili walifuata mshale mpaka kwa mkewe, ndoo mkononi.

"Baba watoto, umefanya nini huko?" mkewe aliuliza.

"Hata mimi sijui."

Mkewe hakucheka. Alitazama mawingu. "Mvua inakaribia, na wewe unatangaza barafu."

Maneno hayo yalimchoma Brashi. Alirudi zahanati kichwa kikimzunguka.

"Dada, nifute au niache? Nimechora kama kijitabu kilivyosema, watu wameona duka. Na mimi mwenyewe sielewi. Barafu ya mbali ikiyeyuka, chumba cha mke wangu kinahusikaje?"

Dada Afya akamvutia kiti. "Kosa ni langu, fundi. Hilo ndilo nilipaswa kuanza nalo. Watu duniani wanachoma mafuta na makaa ya mawe kwenye magari na viwanda. Misitu nayo inakatwa. Gesi zinazotoka hubaki angani. Zinazuia joto lisitoke, kama vile dunia imefunikwa blanketi. Joto likizidi, huko mbali barafu inayeyuka. Huku kwetu, hewa yenye joto inabeba mvuke mwingi zaidi. Ikija kuumwaga, mvua kubwa inashuka kwa saa chache."

"Kumbe! Basi mtaro wetu hauna kosa?"

"Kosa lipo. Anga hatukulichafua sisi peke yetu, tena sisi tumechangia kidogo sana. Lakini mtaro huu tumeuziba wenyewe. Mvua kubwa ikija, maji yapite wapi?"

Brashi alizidi kuchanganyikiwa. Alikuja na swali moja, sasa alikuwa na mawili. Achore lipi?

"Mwaka jana wewe uliona nini?" Dada Afya akamuuliza.

"Niliona maji."

"Yalikufika wapi?"

Brashi akaweka mkono kiunoni. Mkono ukiwa hapo hapo, akatoka nje kuutazama ukuta.

Siku iliyofuata alipaka ukuta rangi nyeupe upya. Kisha akachukua futi ya mkewe na kupita nyumba kwa nyumba akiuliza swali lile lile. Huko nako alivurugwa, maana kila mtu alikuwa na jibu lake.

"Mimi yalinifika kifuani!" alisema kinyozi.

"Ulikuwa umechuchumaa unatafuta mashine yako ya kunyolea," alijibu mama mkwe wa Brashi, mwanamke asiyemung'unya maneno. Yeye alizaliwa mtaa huo huo. "Na andika hili, mkwe wangu. Nilipokuwa msichana, maji hayakuwahi kupita kifundo cha mguu. Mwanangu alipoolewa yalifika magotini."

Alama za tope zilikuwa bado kwenye milango. Brashi akazipima zote, ubishi ukaisha.

Akachora mistari mitatu ya buluu ukutani, kila mmoja kwa kimo chake halisi: kifundo, goti, kiuno. Ndani ya maji akawachora watu wa mtaa wenyewe. Mkewe alibeba cherehani kichwani. Kinyozi alikuwa amechuchumaa. Juu yao akaandika: MAJI YALIFIKA HAPA.

Watu walijaa. Walicheka, wakanyoosheana vidole. Kinyozi alilalamika kwamba amechorwa na upara. Kisha mama mmoja akamsimamisha binti yake mdogo ukutani, ili amwonyeshe mahali mama yake alipochorwa. Mstari wa juu ulipita juu ya kichwa cha mtoto.

Kicheko kilikatika. Mama yule akamwinua mtoto haraka, akamkumbatia.

"Na mwaka huu yatafika wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Hapo Dada Afya akaeleza tena habari za joto, mvuke na mvua. Safari hii hakuhitaji kipaza sauti. Watu waliuliza, wakabisha, wakauliza tena.

"Miaka miwili nimesema, hakuna hata mmoja aliyebishana nami," alimnong'oneza Brashi. "Leo wananiuliza mpaka koo limekauka. Picha yako imewafungua."

"Na huo mtaro tunaanzia wapi?" mtu mmoja aliuliza.

Macho yote yakamgeukia kinyozi. Ni yeye aliyeufunika mtaro kwa zege mbele ya kibanda chake, wateja wapate pa kukaa.

Kinyozi alitazama chini. "Basi, nitavunja mwenyewe," alisema. "Ila mnirudishie nywele zangu."

Brashi alimchorea nywele. Chini ya picha akaweka mshale wa kuelekea mtaroni, na maneno: JUMAMOSI ASUBUHI. NJOO NA JEMBE.

Jumamosi walikuja watu wengi. Walitoa taka, wakavunja zege, wakachimba mpaka bondeni. Walipanda nyasi kingoni ili udongo usiporomoke. Walikubaliana pia kwamba mtaro usafishwe kila mwezi.

Wiki tatu baadaye Brashi alikuwa juu ya ngazi, mbali na nyumbani, mvua ilipoanza. Ilikuwa kubwa kama ile ya mwaka jana. Aliacha rangi, akakimbia. Njiani aliona mtaro umejaa mpaka kingoni, lakini maji yalikuwa yakienda. Hakuamini. Alikimbia zaidi. Alikuwa tayari kuinua nguo, cherehani, kila kitu.

Alifika mlangoni, akasikia cherehani inalia. Mkewe alikuwa ameinama juu ya gauni la mteja, anashona.

Brashi alitazama sakafu, ilikuwa kavu. "Maji yako wapi?"

Mkewe akainua macho, akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Unayo wewe," alisema. "Hebu simama huko huko nje, usije ukanilowanishia nguo za watu."