Damu Yamwonya Fundi Cherehani

Fundi cherehani alikuwa na moyo dhaifu kwa miaka mingi. Hospitali walimpa vidonge vya kila siku. Kimoja kilikuwa cha kupunguza maji mwilini, na hicho alikichukia. Akikimeza, asubuhi nzima ni chooni tu. Na sare za shule zilikuwa zimejaa mezani, wateja wamesimama mlangoni. Basi akakiacha kimyakimya. Hata mkewe hakumwambia.

Siku ya kliniki ilipofika, alitafuta visingizio.

"Mimi buheri wa afya, mke wangu."

"Buheri wa afya, na miguu imevimba hivyo?"

"Ni kukanyaga cherehani tu."

"Vaa viatu, twende."

Kliniki walimtoa damu. Majibu yalipotoka, muuguzi aliyasoma mara mbili. Hakutabasamu. Mkewe akashikwa na hofu.

"Mzee, moyo ukielemewa, hutoa kemikali fulani kwenye damu," muuguzi alisema. "Ndiyo tunayoipima. Yako imepanda sana kuliko mara iliyopita."

"Kumbe damu yangu inapiga ramli!"

"Si ramli. Haitaji siku ya kufa. Inatuonya mapema kwamba moyo unazidiwa. Tusipochukua hatua, unaweza kulazwa, au tukakupoteza. Dawa zote unameza?"

Fundi alitazama sakafu. "Cha maji nimekiacha. Kazi ni nyingi."

"Unataka kuniacha mjane kwa ajili ya sare za watu?" Mkewe alimgeukia. Fundi aliona aibu, na kwa mara ya kwanza aliogopa.

Daktari alimpima, akamwambia aanze tena kidonge siku hiyohiyo.

"Dawa ikikusumbua, tuambie. Usiiache mwenyewe," muuguzi alisisitiza. "Na ukiishiwa pumzi, au uzito ukipanda ghafla, usingoje kliniki. Njoo mara moja."

Fundi alibadili utaratibu. Asubuhi alikata vitambaa nyumbani, karibu na choo. Mchana ndipo alipofungua duka. Wateja walinuna, kisha wakazoea.

Wiki chache baadaye, damu ilipimwa tena. Wawili hao walisubiri kwenye benchi. Muuguzi akatoka na majibu.

"Imeshuka," alisema. "Hatari haijaisha, ila imepungua sana. Endelea hivyohivyo, mzee."

Mkewe aliangua kilio palepale, mbele ya wagonjwa wote, wala hakuona haya.

"Lia tu, mke wangu," fundi alisema, akiinuka haraka. "Mimi nakimbilia chooni."