Honi Hukatwa Shingoni

Honi ililia kabla Kimanzi hajafunga betri.

Alikuwa amechuchumaa mbele ya nyumba yao mtaani Komarock, koleo mkononi, baiskeli ya mkewe imeinuliwa juu ya kreti la soda. Betri ilikuwa mlangoni, haijaguswa. Mlio ulikuwa mfupi na mzito, mlio wa gari kubwa. Alitazama barabarani. Hakukuwa na gari.

"Kumbe umemaliza?" Wavinya aliuliza kutoka jikoni.

"Bado."

"Na hiyo imelia na nini?"

"Labda ni huko nje."

Baiskeli hiyo aliifungia injini mwenyewe, na Wavinya aliitumia kupeleka mayai kwenye vibanda vya mtaa wa Fedha kabla hakujapambazuka. Haikuwa na taa wala honi. Majuzi, kwenye Kangundo Road, dereva wa lori hakumwona akamsukuma mtaroni. Mayai yote yalivunjika na goti likashonwa. Kimanzi aliapa kwamba mkewe hatatoka tena gizani bila mwanga na sauti ya kujitetea.

Ndiyo maana alikwenda mtaa wa Baba Dogo kwa Kadar, anayenunua magari yaliyopata ajali na kuyauza vipande vipande. Kadar alimfungulia honi ya lori lililowaponda watu kwenye kituo cha mabasi. Aliukata waya pale pale unapoingia kwenye honi, shingoni, kama afanyavyo kwa kila gari lililoua.

"Honi chukua, fundi. Waya wacha hapo," alisema. "Gari ikiua watu, kuna mwenyewe, jini, huingia akakaa kwa waya. Bila honi hana mdomo. Atakaa hapo akinyamaza mpaka achoke."

Kimanzi ni mtu wa kanisa. Alicheka. Kadar alipoingia kuswali, aliuvuta ule waya mwekundu kutoka ndani ya lori na kuukunja mfukoni. Ulikuwa wa shaba, mnene. Nyaya anazopata dukani huungua upesi.

Sasa aliupitisha kutoka kwenye fyuzi hadi kitufe cha usukani, kisha hadi kwenye honi, chini ya taa mpya aliyoifunga mbele. Waya wa ardhi aliubana kwenye fremu, mahali alipokwangua rangi. Alipokaza skrubu ya mwisho na kuunga betri, alisikia harufu ya nywele zinazoungua. Akagusa fyuzi. Ilikuwa baridi.

Jioni alikuja Ondiek, jirani yao, karani wa reli.

"Niaje fundi! Hii ni baiskeli ama umetuibia treni?"

"Panda ujaribu, mdomo mkubwa."

Ondiek akapanda, akabonyeza kitufe. Watoto waliokuwa wakicheza wakaziba masikio. Ondiek akacheka, akaondoa kidole, na honi haikunyamaza. Injini ambayo hakuna aliyeiwasha ikanguruma, taa ikawaka ilhali swichi ilikuwa imezimwa, na baiskeli ikaruka kutoka kwenye kreti ikiwa na Ondiek juu yake, ikavuka uwanja na kumbamiza uso kwenye lango la chuma. Alianguka. Baiskeli ikarudi nyuma yenyewe, ikamgonga kifuani, ikarudi tena, ikamgonga mdomoni, mpaka Kimanzi na wanaume wengine walipoilalia wote kwa pamoja.

Ondiek alipakiwa kwenye teksi akipumua kwa shida. Meno yake yalibaki kwenye saruji.

Kimanzi aliing'oa betri na kuifunga baiskeli kwa mnyororo kwenye nguzo ya veranda. Akampigia Kadar simu.

"Ulichukua waya?" Kadar aliuliza.

Kimanzi aliutazama ule waya mwekundu kwenye usukani.

"Ulichukua. Nakuja. Mkeo asiikaribie."

Stima zilipotea kabla Kadar hajafika. Wavinya alisimama mlangoni na mshumaa.

"Baba Kalekye," alinong'ona, "mbona inapumua?"

Kweli ilipumua. Honi ilitoa sauti ndogo ya kuvuta na kutoa, na ndani ya sauti hiyo Kimanzi alisikia watu wengi wakilia kwa mbali, kama umati kituoni. Harufu ya nywele ilirudi, na nyuma yake harufu ya damu.

Kadar aliingia langoni akisoma aya kwa sauti. Hapo mnyororo ukakatika. Taa ikawaka bila betri, nyeupe, ikamwelekea Wavinya, na ule waya mwekundu ukachomoka kwenye kitufe kama kitu kinachoamka, ukaruka, ukamzonga kifundo cha mkono na kuanza kumvuta kuelekea kwenye gurudumu linalozunguka, yeye akipiga mayowe, mshono wa goti ukifumuka, ngozi ya mkono ikipasuka na waya ukizama ndani mpaka Kimanzi akauona mfupa.

"Shingoni!" Kadar alipaza sauti. "Kata kwenye honi! Mtoe mdomo kwanza!"

Kimanzi alikuwa na koleo. Honi ilikuwa karibu, angeifikia kwa kuinama tu. Lakini mkono wa mkewe ulikuwa mbele ya macho yake, na vidole vilikuwa vimeshakuwa vyeusi.

"Baba Kalekye, mkono wangu! Mkono!"

Aliukata waya kwenye kifundo cha mkono.

Cheche zilimrusha ukutani. Gurudumu likasimama, taa ikafa, honi ikanyamaza katikati ya mlio. Alitambaa gizani akamkumbatia Wavinya. Alikuwa hai. Moyo wake ulipiga.

"Imekwisha," Kimanzi alisema. "Kadar, imenyamaza. Unasikia?"

Kadar aliwasha tochi ya simu.

"Umekata wapi?"

Hakungoja jibu. Mwanga ulikuwa kwenye mkono wa Wavinya, na kipande cha waya kilichobaki kilikuwa kikiingia kwenye kidonda taratibu, kama mnyoo unaorudi udongoni. Ncha yake ikapotea. Uvimbe mwembamba ukapanda chini ya ngozi, ukapita kiwiko, ukapita bega, ukafika shingoni.

Kadar alianza kurudi nyuma kuelekea langoni.

"Mama Kalekye," Kimanzi alisema. "Sema kitu. Mama Kalekye, niite tu."

Wavinya alimtazama akitokwa na machozi, akatikisa kichwa. Kisha mdomo wake ukafunguka.

Mtaa mzima, watoto wakaziba masikio.