Mafungu Mawili ya Kilimani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Marlys Unruh aliwamwagia kuku chakula, akaokota mayai, akayapeleka jikoni kwa bibi yake, Adina. Asubuhi ile ya Septemba alimkuta baba yake, Verlin, amekwishavaa kofia.

"Naenda ushirika kuagiza mbegu," alisema baba. "Mwaka huu shamba zima napanda Kifupi."

Kifupi ilikuwa ngano mpya, fupi ya shina, nene ya suke. Wakulima wa Kansas hupenda kupanda ngano yao nzuri kando ya barabara ili majirani waione, na kiangazi kile hakuna aliyepita kwa akina Unruh bila kupunguza mwendo. Kwenye ghala la nafaka mjini, penye kahawa na maneno, Kifupi ilikuwa imeshapandwa kwa midomo katika kila shamba la wilaya.

"Na kilimani kule kukavu je?" aliuliza bibi.

"Marlys kapima kwa mradi wake wa shule. Kifupi imeishinda Nyekundu yetu ya zamani bondeni na kilimani. Au siyo, mwanangu?"

Marlys aliyainamia mayai, akaanza kuyahesabu. Ngano ya bondeni aliipura na kuipima kweli. Lakini ya kilimani ilimchoma vidole kwa ndevu zake, na jua lilikuwa kali. Akaandika tarakimu za kukisia, akayatundika bandani mafungu mawili ya masuke bila kuyapura. Tangu hapo hakuacha kujiuliza: hivi yangetoa kiasi gani?

"Vipi, kuku wamekula ulimi wako?" bibi alimtania.

"Baba, ya kilimani sikuipima. Nilibuni."

"Ulibuni! Nami nimeitangaza mji mzima?"

"Na wewe nani alikutuma utangaze?" bibi alimgeukia. "Kayaleteni hayo mafungu."

Walitandika gunia sakafuni wakapura. Basi la shule likapiga honi, likaondoka. Kila fungu lilikatwa kwenye kipande cha ukubwa uleule, kwa hiyo mizani isingedanganya. Bondeni, Kifupi ilikuwa imetoa pauni sita, na Nyekundu tano. Sasa Marlys aliweka ngano ya kilimani, Nyekundu kwanza: pauni nne na nusu. Akaweka Kifupi. Mshale ulisimama kwenye mbili.

"Mbili tu? Kwa nini, baba?" Alichukua punje kiganjani. "Tazama, zimesinyaa!"

Baba alizitafuna chache, akatikisa kichwa. "Kifupi huchelewa kukomaa. Bondeni udongo unatunza maji. Kilimani, mvua ya Mei ikikosa kama mwaka huu, joto linaikuta bado haijajaza punje. Nyekundu huwa imeshamaliza kazi." Akavua kofia. "Nusu ya shamba letu ni kilima. Tungekula nini?"

"Basi Kifupi bondeni, Nyekundu kilimani?"

"Ndivyo. Na mwakani utapima tena, maana mwaka mmoja hausemi yote. Leo nakupeleka shule mwenyewe, ukamweleze mwalimu ulichofanya."

Marlys alifuta tarakimu za uongo kwenye daftari la mradi, akaandika za kweli: nne na nusu, na mbili.

Bibi alimkung'uta makapi nywelini. "Sikia, mjukuu wangu. Mwaka wa mvua kila ngano inasifiwa. Ya kuaminiwa ni ile inayotoa hata mwaka wa ukame. Mtu naye ni hivyohivyo: ukweli usiokugharimu kila mtu anao. Wewe leo umeusema ulipokuchoma."