Miguu Miwili ya Kushoto

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sindano alifagia kibanda cha baba yake, akapangusa cherehani, kisha akaketi na wembe kufumua makosa ya jana. Baba yake alikuwa fundi hodari asubuhi na balaa tupu jioni, akishaanza kunywa. Mapindo yalikwenda upande, vifungo havikukutana na matundu yake. Binti huyo, ambaye jina la utani alilipata kwa wembamba wake na ukali wa ulimi, alifumua, akashona upya, akanyamaza. Wateja walisifu kazi, na baba akazipokea sifa bila aibu hata kidogo.

Siku moja alifunua kitambaa kilichokuwa mezani. Ilikuwa suruali ya muuza nyama, kitambaa cheusi chenye upande wa nje unaong'aa na wa ndani uliofifia. Baba alikuwa amekata mguu mmoja, akasahau kugeuza karatasi ya kipimo, akakata wa pili vilevile. Miguu yote miwili ilikuwa ya kushoto. Hapo wembe haukuwa na la kufanya.

"Mwambie umeme ulikatika," baba alisema kutoka kwenye benchi alikolala, macho mekundu. "Aje kesho."

"Simwambii kitu."

"Unasemaje wewe?"

"Nimechoka kukufichia, baba."

"Adabu yako imekwenda wapi?"

"Iko hapo mezani, pamoja na suruali."

Baba aliinuka kwa hasira, lakini muuza nyama alikwisha kuziba mlango kwa kifua chake kipana. "Fundi, nimefuata suruali yangu."

Baba alikohoa. Kisha, bila kupepesa macho, akamnyooshea binti yake kidole. "Huyu mtoto alichezea mkasi. Ameniharibia kazi."

Sindano alihisi uso unamwaka moto. Makosa yote yale aliyoyafumua kimyakimya, na malipo yake ndiyo haya! "Si kweli, mzee," alisema. "Baba alikata akiwa amelewa. Hata shati lile ulilolisifu, nililirekebisha mimi."

Muuza nyama alimgeukia fundi. "Mimi pia nilikuwa na mwanangu wa kunidanganyia watu," alisema. "Leo jioni tunakutana chumba cha nyuma ya zahanati, sisi tuliokuwa walevi. Njoo."

"Mlevi ni wewe! Toka, chukua suruali yako uende!"

"Suruali ipi, fundi? Nionyeshe."

Jioni, nyumbani, baba alivaa viatu kwa kishindo. "Nakwenda kumkomesha yule mtu. Aniite mlevi mbele ya mwanangu!"

Mama, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kwenye kazi yake ya kufua mashuka ya hospitali, hakubishana naye. Alimshika Sindano mkono, wakamfuata.

Nyuma ya zahanati hapakuwa na kibao chochote. Baba alisukuma mlango wa kwanza, akajikuta anafokea mafagio na ndoo. Hasira ikazidi. Mlango wa pili ulikuwa wazi, na hatua moja tu ndani yake palikuwa na kiti kitupu.

"Kaa hapo," alisema mwanamke aliyekuwa akimimina chai. "Tunakiacha kwa mgeni, asilazimike kupita mbele za watu."

"Sikuja kukaa!" Baba aliwatukana wote. Akamwita muuza nyama mmbea, akawaita wengine wavivu waliokosa kazi. Sindano alitamani ardhi impasukie.

"Endelea, fundi," muuza nyama alisema. "Wengi wetu tuliingia hapa tukitukana."

Baba akatafuta tusi jingine, akalikosa. Mwanamke yule alimpa kikombe. Mikono ya baba ilitetemeka hata chai ikammwagikia kifuani, na watu wote wakaona. Hakuna aliyecheka. Polepole akaketi kwenye kile kiti.

"Nilikata miguu miwili ya kushoto," alisema. "Halafu nikamsingizia mwanangu."

Mama, aliyesimama mlangoni na Sindano, aliufunika uso kwa khanga akalia.

Mkutano ulipokwisha, muuza nyama alimjia Sindano. Sauti yake ilikuwa kavu. "Sikiliza, binti. Ulevi wa mtu mzima si kosa lako, wala si kazi yako kuufuta. Ulipomrekebishia kila kitu kwa siri, ulidhani unamsaidia, kumbe hakuona alipofikia. Leo umesema kweli. Umemuudhi, lakini umemsaidia. Na likikushinda jambo la nyumbani, mwambie mtu mzima unayemwamini."

Baba hakupona siku ile. Aliirudia pombe mara kadhaa, nyumba ikajaa ugomvi, na Sindano hakumfichia. Lakini kila mara alirudi kwenye kiti cha mlangoni.

Asubuhi moja Sindano aliingia kibandani, asiuone wembe mahali pake. Baba alikuwa ameketi nao, akifumua pindo.

"Nipe nikusaidie, baba."

"Acha. Nimekosea mwenyewe, nitafumua mwenyewe." Alimsogezea mkoba wake wa vitabu kwa mguu. "Wewe nenda shule, mwanangu. Kazi yako iko huko."